Mjadala: Anayeiuzia afisi ya umma programu aoneshe leseni za vipande alivyovitia ndani?

Fundi wa Tunguu
Assalaam alaykum. Programu nyingi zinazouzwa kwa skuli, hospitali na afisi zetu hazikuandikwa zote na muuzaji. Kachukua kipande huria, kilichotolewa wazi watu wakitumie, cha kutoa risiti, chengine cha kuchora grafu, kavifunga pamoja, kapachika nembo yake. Kila kipande kina leseni, na leseni nyengine hazipatani. Leseni iitwayo GPL, toleo la 2, la 1991, yataka ukigawa kazi iliyounganishwa nayo, kazi nzima ifuate masharti yale yale bila ya nyongeza. Leseni nyengine, Apache 2.0, ya 2004, ina kifungu cha hataza (haki ya mvumbuzi) ambacho FSF, taasisi yenye GPL, wanakihesabu kuwa ni nyongeza, basi mbili hizo hazichanganyiki. GPL 3 ya 2007 ndiyo iliyofungua mlango, tena wa upande mmoja: Apache huingia ndani ya GPL 3, si kinyume chake. Nasema zabuni ya umma idai orodha ya vipande na leseni zake kabla ya malipo. Mwaonaje?

Muuzaji wa Darajani
"Kapachika nembo yake" wamkusudia nani? Sema wazi. Vijana wangu wanakesha kwa kazi hii, halafu mtu anatuita wapachika nembo! Na nani hapa kwetu keshashitakiwa kwa leseni?

Fundi wa Tunguu
Sikukutaja. Ujerumani, mwaka 2004, mahakama ya Munich iliitambua GPL. Marekani wenye BusyBox, programu iliyo chini ya GPL, walianza kushitaki 2007. Na sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya 2003, mbali na ile ya Bara. Tusingoje mpaka afisi yetu iwe ya kwanza.

Binti wa Wete
Watu wanaogopa bure. GPL ni kama wakfu: mwenyewe kaweka kisima watu wachote, basi huna ruhusa ya kukijengea ukuta ukauza maji. Leseni za MIT na Apache ni hiba, ukishapewa fanya utakavyo, mradi umtaje aliyekupa.

Mzee wa Malindi
Mwanangu, hapo umeteleza. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi hiba, na aliyeiweka si mwenyewe tena. Mwandishi wa GPL bado ndiye mwenye hakimiliki, na kesho akitaka atamuuzia mwengine kazi ile ile kwa leseni nyengine. Wakfu gani huo? Mambo ya dini tusiyafanyie mifano ya kompyuta.

Binti wa Wete
Shikamoo mzee wangu. Sikuifananisha ibada, nimefananisha sharti. Nakala iliyokwishatoka kwa GPL hairudi nyuma, hata mwenyewe akiuza nyengine pembeni.

Muuzaji wa Darajani
Wapemba kwa ubishi! Suala la zabuni limegeuka darsa la fikihi.

Binti wa Wete
Yakhe, Upemba wangu umekukosea nini? Jibu hoja. Umeulizwa leseni, umejibu kabila la mtu.

Mkaazi wa Chake
Na mie nimeliona hilo. Kila Mpemba akizungumza kwa hoja anaitwa mbishi. Tuombane radhi kwanza, ndipo tuendelee.

Mwanafunzi
Jamani, Fundi anaipita shida kubwa. Ubuntu 16.04, mfumo wa kompyuta wa kampuni ya Canonical uliojengwa juu ya Linux, mwaka 2016 ilitoka na ZFS ndani, programu ya kuhifadhi mafaili. Leseni ya ZFS ni CDDL, ya kiini cha Linux ni GPL 2, na wengi wanasema hazipatani. Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria, wakasema ni uvunjaji, Canonical wakasema wanasheria wao wameridhika. Ikiwa wao hawakukubaliana, karani wa zabuni ataamuaje? Pia kuna tofauti ya kuunganisha na kuweka pamoja tu. GPL 2 yenyewe inasema programu mbili zinazojitegemea zikikaa kwenye diski moja, moja haiilazimishi nyengine. Orodha bila ya kueleza vipi vimeunganishwa haitusaidii kitu.

Mzee wa Malindi
Nauliza hivi: wakfu una msimamizi. Hicho kisima chenu cha GPL msimamizi wake ni nani?

Mkaazi wa Chake
Afisi niliyofanyia kazi, fundi kahama na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe. Programu ikakataa, tukarudi kwenye madaftari, wagonjwa wanapanga foleni. Mie leseni baadaye. Afisi ipewe msimbo siku ya kwanza, tena iandikwe kwenye mkataba.

Muuzaji wa Darajani
Haya, orodha nitatoa. Msimbo wangu siutoi. Nimeutolea jasho.

Binti wa Wete
Ikiwa ndani mna kipande cha GPL ulichokiunganisha, uliyemuuzia ana haki ya kuudai, jasho au si jasho. Risiti zako za PDF unazitoa kwa kipande gani?

Muuzaji wa Darajani
iText. Ipo bure, kila mtu anaitumia.

Binti wa Wete
Toleo gani? La 5, lililotoka 2009, lilihamia leseni ya AGPL, ndugu yake GPL. Hiyo hata ukiiweka kwenye seva watu wakaitumia kwa mtandao, masharti yanakufuata. Asiyeyataka hununua leseni ya biashara kwa wenyewe. Wewe ulinunua?

Mkaazi wa Chake
Na radhi bado hajaomba.

Mzee wa Malindi
Suala langu la msimamizi wa wakfu halijajibiwa.