Ushauri: Mfumo wa mapokezi ya dagaa Kibirizi unarudia rekodi, ripoti ya mwezi inagoma na salio halilingani

Koda_wa_Mwanga:

Wakuu, habari za mchana. Naomba msaada kwa wanaojua kanzidata.

Ni mfumo wa tovuti wa kikundi cha wanunuzi wa dagaa na migebuka hapa Kigoma. Mpimaji anasimama na mzani mwaloni Kibirizi, anaingiza kilo kwenye simu mitumbwi inaporudi alfajiri. Mhasibu yuko ofisini Mwanga, analipa wavuvi na kutoa ripoti. Umeandikwa kwa PHP na MySQL 8, hosti ni ya pamoja, seva iko nje ya nchi. Majedwali makuu ni matatu: wavuvi (380), mapokezi (mistari 210,000 hivi) na malipo. Yamehamishwa kutoka mfumo wa zamani.

Shida:
1. Mtandao ukiyumba, pokezi moja linaingia mara mbili au tatu.
2. Ripoti ya mwezi inazunguka mpaka seva inakata.
3. Salio la mvuvi mmoja lilipaswa kuwa 18,450,375. Linasomeka 18,450,400.
4. Kuna malipo yaliyoingia bila salio kupunguzwa.

Siku za mbalamwezi kila kitu kinaenda vizuri. Giza likirudi na mitumbwi ikaingia kwa wingi, simu hazikatiki. Nianzie wapi?

Fundi_Jedwali:

Mkuu, pole na kazi. Anza na namba 3, kwa sababu ndiyo inayoharibu data kila saa unapoendelea kusubiri.

Hiyo safu ya salio bila shaka ni FLOAT, aina ya namba ya kukadiria. FLOAT inatunza tarakimu 6 au 7 tu za uhakika, na MySQL inapoionyesha inaikadiria kwenye ya sita, ndiyo maana 375 imegeuka 400. Hata ndani haiko sahihi: ukivuka 16,777,216 FLOAT haiwezi tena kutunza kila namba nzima, inaruka mbili mbili. Kwa biashara ya shilingi, milioni kumi na sita si pesa ya mbali.

Shilingi weka BIGINT (namba nzima kubwa). Kilo weka DECIMAL(10,3) (desimali kamili, isiyokadiriwa). Bei ya kilo iandikwe kwenye mstari wenyewe wa pokezi, usiichukue kutoka jedwali la bei wakati wa ripoti, maana bei ya leo ikibadilika utabadilisha hesabu ya mwezi uliopita. Kilo 12.37 kwa bei ya 7,250 ni 89,682.5, kwa hiyo amueni na mhasibu nusu shilingi inakwenda wapi, kisha kanuni hiyo ikae sehemu moja tu ya programu.

Na usitegemee kwamba kubadilisha aina ya safu kutarudisha kilichopotea. Tarakimu zilizokwisha kukatwa hazirudi. Kokotoa salio upya kutoka kilo, bei na malipo. Ikiwezekana safu ya salio ife kabisa: salio ni jumla ya mapokezi toa jumla ya malipo, na kwa mistari laki mbili MySQL haitatoka jasho.

BintiUjiji:

Kwenye namba 1, usihangaike na kuzima kitufe kwa JavaScript peke yake. Inasaidia macho, lakini tatizo lenyewe liko kwingine: simu imetuma, seva imeandika, jibu limepotea njiani. Mpimaji anaona hakuna kitu, anabonyeza tena. Ana haki.

Dawa ni hii. Fomu inapofunguka, itengeneze alama ya kipekee (UUID) na kuificha ndani ya fomu. Kwenye jedwali la mapokezi ongeza safu alama_ya_fomu, CHAR(36), uiwekee UNIQUE (thamani isijirudie). Fomu ileile ikija mara ya pili MySQL itaikataa kwa kosa namba 1062. Kosa hilo, kwa safu hiyo tu, lichukulie kama mafanikio: mwoneshe mpimaji risiti ya pokezi lililokwisha kuingia. Ukimwonesha maandishi mekundu atafungua fomu mpya aandike upya, na hapo alama ni nyingine, marudio yanapita.

Baada ya kuandika, mpeleke kwenye ukurasa wa risiti kwa jibu la 303, ili akivuta ukurasa kuusasisha asitume tena.

Angalizo: usiweke UNIQUE kwenye mvuvi, siku na kilo. Mvuvi mmoja anaweza kuleta vyombo viwili vya kilo 20 asubuhi moja na vyote ni halali. Mfumo utamdhulumu.

Mnyamwezi_2:

Hamia PostgreSQL, shida zote zitaisha. MySQL haifai kwa pesa.

Fundi_Jedwali:

PostgreSQL ni nzuri sana ndugu, lakini hapa haigusi chanzo. FLOAT ikihamishiwa huko bado itakuwa namba ya kukadiria, kitufe kitabonyezwa mara mbili vilevile, na ripoti itaandikwa vilevile ilivyo. Atakuwa na shida zilezile pamoja na wiki tatu za kuhamisha.

Koda, endesha SHOW TABLE STATUS utuletee safu ya Engine, yaani injini inayohifadhi kila jedwali.

Koda_wa_Mwanga:

Nimeendesha. wavuvi ni InnoDB. mapokezi na malipo ni MyISAM.

Ripoti inaleta orodha ya wavuvi, halafu ndani ya foreach (mzunguko wa mvuvi mmoja mmoja) inauliza kilo za kila mmoja, kisha malipo ya kila mmoja, kwa WHERE mvuvi_id = na MONTH(tarehe) = 6.

Fundi_Jedwali:

Basi namba 4 imejieleza. MyISAM haijui muamala, yaani hatua kadhaa zinazokubaliwa zote au kufutwa zote. Ukiandika beginTransaction inakubali kimya, na rollBack hairudishi chochote. Umeme ukikatika kati ya kuandika malipo na kupunguza salio, nusu ya kazi inabaki. Hata FOREIGN KEY (sharti kwamba mvuvi_id iwepo kwenye wavuvi) inaipokea na kuipuuza, kwa hiyo tafuta kwanza malipo yenye mvuvi_id isiyokuwepo kwenye wavuvi, yasafishe, ndipo uende: ALTER TABLE malipo ENGINE=InnoDB, na mapokezi hivyohivyo. Fanya siku za mbalamwezi, baada ya bekapu.

Ndani ya muamala weka maandishi ya kanzidata tu. Ujumbe wa simu kwa mvuvi utumwe baada ya commit (kuthibitisha muamala). Ukiutuma katikati na mtandao ukalala, kufuli la mistari unayoiandika linabaki mkononi na wengine wanasubiri hadi sekunde 50, kiwango cha kawaida cha InnoDB, kisha wanapata kosa.

Na kama mnatoa mzigo ghalani, usisome kilo kwa PHP, ukatoa, ukaandika. Watu wawili watasoma 30 ileile na kila mmoja atauza 20. Iache kanzidata ifanye kwa pigo moja:

UPDATE ghala SET kilo = kilo - 20 WHERE id = 7 AND kilo >= 20

Mistari iliyoguswa ikiwa 0, mzigo hautoshi. Mwambie mteja.

Kasulu_Dev:

Nije kwenye ripoti. Hesabu mwenyewe: swali 1 la orodha na maswali 2 kwa kila mvuvi ni 761. Kama mvuvi_id haina indeksi (orodha ya kutafutia haraka), kila swali la mapokezi linapita mistari yote 210,000. Kwa wavuvi 380 ni karibu mistari milioni 80 kwa ripoti moja. Weka EXPLAIN mbele ya swali: ukiona type ni ALL na key ni NULL, ndicho kinachotokea.

Hatua:

Ondoa MONTH. Ukiifunga safu ndani ya kazi (function) kama hiyo, indeksi yake haitumiki, na tena MONTH = 6 inachanganya Juni za miaka yote. Andika tarehe >= '2025-06-01' AND tarehe < '2025-07-01'. BETWEEN hadi '2025-06-30' itaacha karibu siku nzima ya mwisho kama safu ina saa ndani yake.

Weka indeksi mbili kwenye mapokezi: tarehe ikitangulia mvuvi_id, kwa ripoti ya wote, na mvuvi_id ikitangulia tarehe, kwa taarifa ya mvuvi mmoja. Mpangilio una maana yake, ni kama daftari lililopangwa kwa siku dhidi ya lililopangwa kwa majina.

Halafu uliza swali moja lenye GROUP BY (kujumlisha kwa kila mvuvi). Hapa ndipo wengi wanapoumia, soma taratibu. Ukiunga wavuvi na mapokezi na malipo kwa JOIN moja kwa moja, mvuvi mwenye mapokezi 3 na malipo 2 anatoa mistari 6. SUM ya kilo inakuja mara mbili, SUM ya malipo inakuja mara tatu, na hakuna kosa linalojitokeza. Jumlisha mapokezi peke yake kwenye swali la ndani, malipo peke yake kwenye swali jingine la ndani, kila moja ikitoa mstari mmoja kwa mvuvi, ndipo uziunge na wavuvi kwa LEFT JOIN. Hakiki kwa mvuvi mmoja na kalamu kabla ya kumpa mhasibu.

BintiUjiji:

Naongeza mambo mawili ya hapahapa kwetu.

Saa. Seva ya nje kwa kawaida iko kwenye UTC, nyuma yetu saa tatu. Pokezi la saa nane usiku linaandikwa tarehe ya jana. Ukiunganisha, tuma SET time_zone = '+03:00', na PHP iwe Africa/Dar_es_Salaam. Zaidi ya hapo ongeza safu ya siku_ya_kazi, aina ya DATE, ijazwe kwa utaratibu wa mwalo wenu, kwa sababu mtumbwi unatoka jioni unarudi alfajiri. Ripoti na zile indeksi zisimame juu ya safu hiyo.

Majina. Jina kama Ng'wandu litavunja swali lolote uliloliunganisha kwa nukta (alama ya PHP ya kuunga maneno), na mlango huohuo ndio mwizi anaupitia kuingiza amri zake. Tumia prepare na execute (amri na thamani zitumwe kando kando) kila mahali, bila kubagua. Kisha kuna simu zinazoandika king'ong'o kwa alama iliyopinda ’ badala ya '. Machoni ni jina moja, kwa kanzidata ni watu wawili. Badilisha zote ziwe ' kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta.

Koda_wa_Mwanga:

Nashukuru sana wakuu. Nimejaribu ripoti kwenye nakala ya kompyuta yangu: maswali 761 yamekuwa 1 na inafunguka papo hapo. Mvuvi niliyemhakiki kwa kalamu amelingana hadi shilingi. Ubadilishaji wa injini nausubiri mbalamwezi.

Bekapu nafanya kwa mysqldump saa kumi alfajiri. Ni sawa?

Fundi_Jedwali:

Hapana, saa hiyo ndiyo mitumbwi inarudi. Weka saa nane mchana. Kwenye cron (ratiba ya kazi) ya seva yenye UTC ni 0 11 * * *. Ukishahamia InnoDB tumia --single-transaction, haitazuia wanaoandika. Faili litoke kwenye seva hiyo likae kwingine, na mara moja kwa wiki lirudishe kwenye kanzidata tupu, kisha ulinganishe idadi ya mistari ya mapokezi na jumla ya kilo za jana yake.

Namba za simu za wavuvi ziko kwenye safu ya aina gani?

Koda_wa_Mwanga:

INT. Na kweli, sifuri ya mbele haipo kwenye zote.

Fundi_Jedwali:

VARCHAR(15), zote zianze na 255. Zenye tarakimu 9 ziongezee 255 mbele. Zenye idadi nyingine usizikisie, zitoe kwenye orodha mpimaji awaulize wenyewe mwaloni.