Kushindilia mizinga minne kwa wakati mmoja: naomba ushauri wenu

Kijana wa Shangani, Mtwara

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wangu shikamooni. Naomba msaada kuhusu fumbo la mizinga katika mchezo wa maharamia tunaoucheza kwenye kompyuta hapa mtaani kwetu, kwa sababu merikebu ya tatu imetuzuia mimi na wenzangu kusonga mbele.

Kwa asiyelijua fumbo hili, sakafu ya merikebu imegawanywa katika miraba, na katikati ya kila upande pana mdomo wa mzinga mmoja. Vitu vya aina nne hutokea katikati ya sakafu bila mpangilio: baruti, tambara, tufe la chuma na ndoo ya maji. Kila kimoja hutembea chenyewe, kikigonga ukingo hugeukia kulia, nasi tunakiongoza kwa mishale tunayoiweka sakafuni, isiyozidi mitatu kwa wakati mmoja. Mzinga hupokea baruti kwanza, kisha tambara, kisha tufe, halafu hufyatuka wenyewe. Baada ya hapo haupokei baruti mpaka uoshwe. Kitu kikiingia kabla ya zamu yake huuchafua mzinga, na dawa yake ni ndoo ya maji tu. Maji yakiingia katika mzinga safi hayadhuru, lakini yakiingia katika mzinga ulioanza kushindiliwa huharibu kila kilichomo.

Je, ni bora kuipeleka mizinga yote minne sambamba, yaani baruti kwa yote, kisha matambara kwa yote, au kuukamilisha mmoja kwanza ndipo niuendee mwingine? Njia ya kwanza huijaza sakafu vitu nisivyovihitaji, na njia ya pili ni ya polepole mno, kiasi kwamba dakika tatu tulizopewa huisha adui akiwa bado anaelea.

Fundi Redio, Lindi Mjini

Ndugu yangu, njia zote mbili zina kasoro ile ile. Ukiipeleka mizinga sambamba, hufika wakati yote minne inangoja tambara, na baruti, matufe na ndoo zinazozagaa sakafuni zinakuwa hazina pa kwenda. Ukishughulika na mmoja peke yake, kila wakati ni kitu cha aina moja tu chenye kazi. Kwa kuwa mchezo unakuletea vitu vya aina nne bila kukuuliza unataka nini, na mzinga nao una mahitaji manne, iweke mizinga katika hatua nne tofauti: mmoja ungoje maji, wa pili baruti, wa tatu tambara na wa nne tufe. Hapo chochote kitakachotokea kitakuwa na mlango wake.

Mwanzoni mizinga yote ni safi na yote inataka baruti, kwa hiyo mpangilio huo lazima uujenge. Wa kwanza upeleke hadi ufyatuke, wa pili uufikishe kwenye tambara, wa tatu upe baruti tu, na wa nne usiuguse kwa sasa. Kazi hiyo inahitaji baruti tatu, matambara mawili na tufe moja, basi. Ndoo zitakazokuja mapema zimwage katika ule wa nne, maana ni safi na hauna cha kupoteza.

Mpangilio hautadumu muda wote, kwa sababu kila kitu kinapoingia mzinga husogea hatua moja na kuukuta mwenzake. Hilo lisikusumbue. Jitahidi tu mizinga isizidi miwili katika hatua moja, na inapofika mitatu, achana nayo kidogo ushughulikie ule uliobaki peke yake.

Mkazi wa Kilwa Masoko

Marahaba kijana. Ushauri wa Fundi ni sahihi na ningeufuata kama ulivyo. Mimi naongeza habari ya mishale, kwa sababu naona wachezaji wengi wanaimaliza kwa kuvisukuma vitu huku na huko bila sababu.

Kitu kinachogeukia kulia kila kinapogonga ukingo kitaizunguka sakafu pembezoni chenyewe, tena kitapita mbele ya midomo yote minne bila kuhitaji mshale hata mmoja. Viache vizunguke. Mshale uweke kwenye mraba ulio mbele ya mdomo, ukielekea nje, pale tu kitu unachokitaka kinapokaribia, na kikishaingia uufute mara moja. Kabla ya kuuweka, tazama kinachofuata nyuma yake: tambara likifuatwa na ndoo bila nafasi kati yao, viache vyote viwili vipite duru nyingine, kwa kuwa hutawahi kuufuta mshale kabla ndoo haijaingia na kukuharibia baruti.

Kuhusu zamu za vitu, nawashauri vijana wajifunze sababu yake badala ya kukariri. Baba yangu mdogo kule Liwale alikuwa akimimina baruti katika mtutu wa gobore, akafuatisha tambara, akashindilia kwa mdeki mpaka mkono ukahisi kuwa pamekaza, ndipo akatia goroli. Tambara huibana baruti isitawanyike. Nayo mizinga ya merikebu za zamani iliyoshindiliwa kwa mdomoni ilipanguswa kwa maji baada ya kufyatuliwa ili kuzima makaa yaliyobaki ndani, maana baruti mpya ingeyagusa ingewalipukia wanaoitia. Silaha hizo hazikuwa hadithi kwetu: mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na mizinga yake hadi mbele ya Kilwa Kisiwani, akamlazimisha mtawala kulipa kodi ya dhahabu.

Kijana wa Shangani, Mtwara

Nawashukuru sana, mzee wangu na kaka Fundi. Mpangilio wa hatua nne umeikomboa sakafu yangu na sasa merikebu ya tatu inazama. Limebaki jambo moja: dakika ya mwisho mizinga yangu huwa katika hatua mbalimbali, na muda ukiisha, vilivyomo havihesabiwi. Je, niendelee vile vile hadi mwisho?

Fundi Redio, Lindi Mjini

Hapana, mwishoni badilika. Mzinga uliokwisha kufyatuka unahitaji vitu vinne kabla ya kufyatuka tena, ilhali wenye tambara unahitaji kimoja tu. Zikibaki sekunde thelathini, acha kuosha kwa nia ya kuanza upya; tufe la kwanza lipeleke kwenye mzinga wenye tambara, kisha uutafutie tambara ule wenye baruti. Ndoo zinazoendelea kutokea zimwage kwenye mzinga uliokwisha kufyatuka, si kwa ajili ya kuuandaa, bali zisiendelee kuzunguka na kuingia katika ile miwili unayoitegemea.