Nimebadilisha taa zote za gari kuwa LED, sasa kila anayekuja mbele ananipiga fuli. Nimekosea wapi?

Taa_Moja:

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana nimechoka kutukanwa barabarani.

Gari yangu ni ya siku nyingi kidogo, taa za mbele ni zile za rifleta (bakuli linalong'aa ndani la kurudisha mwanga mbele) na kioo cha plastiki, balbu aina ya H4 ya halojeni wati 60/55. Usiku nikawa sioni kitu, mwanga wa njano umefifia utadhani nimewasha kibatari, mtu akaniambia we weka LED tu utakuja kunishukuru. Basi nikaagiza seti nzima, za mbele, parking, indiketa, breki, taa ya namba mpaka ile ya ndani juu. Boksi la zile za mbele limeandikwa lumeni 20,000 (kipimo cha wingi wa mwanga), nyeupe ya kelvin 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga). Nikafunga mwenyewe, kazi ya kama masaa mawili pamoja na kutafuta skrubu iliyodondokea ndani ya bampa.

Siku ya kwanza nikaona nimeula, mbele ya gari kweupe kama mchana. Tatizo sasa kila gari inayokuja inanipiga fuli (taa za kumulika mbali), na mimi niko kwenye dimu (taa za kuinama) kabisa. Juzi mmoja kasimama kabisa akashusha kioo, alichosema sikiandiki hapa. Halafu indiketa zinapiga haraka haraka kama zina kifafa, breki kwa nyuma zinaonekana rangi ya waridi sio nyekundu, na nikiwasha taa redio inaanza kukwaruza. Ukiacha taa ya namba na ya ndani, sina kilichokaa sawa hata kimoja.

Swali langu, ninunue LED nyingine za bei kubwa zaidi au kuna kitu cha kuseti?

Chuma_Kikuukuu:

Mkuu ulinunua feki hizo. Mimi nina LED mwaka wa tatu huu sijawahi kupigwa fuli hata siku moja. Nunua nzuri.

FundiWaya:

@Chuma_Kikuukuu taa zako za mbele zina lile jicho la mviringo kama lenzi ya kamera? Kama ndio basi una projekta, na hiyo ni habari nyingine kabisa na ya mleta uzi.

@Taa_Moja usikimbilie kununua tena, nisikilize kwanza. Toa ile H4 yako ya zamani uishike mkononi uiangalie vizuri. Ndani kuna nyuzi mbili, moja ya fuli na moja ya dimu. Chini ya ule wa dimu kuna kibati kidogo kimekunjwa kama kijiko. Hicho kijiko ndio siri ya taa yote, kazi yake ni kuzuia mwanga usipige nusu ya chini ya rifleta, kwa hiyo mwanga wote unagonga nusu ya juu na kurudi barabarani ukiwa umeinama, ndio unapata ule mstari wa kukatika mwanga ambao haumfikii usoni anayekuja. Rifleta ilichongwa kwa kuhesabu kwamba mwanga unatoka kwenye uzi mwembamba wa milimita chache uliokaa sehemu moja tu. Sasa wewe umeweka kibao cha alumini kina chipu huku na huku, kina unene wake, kibati chake pengine kimekaa pembeni kidogo, ukisogea milimita moja tu kule ndani huku mbele mwanga unaenda kwenye macho ya watu na kwenye matawi ya miti.

Na hizo lumeni 20,000 zisahau. H4 ya halojeni kwenye dimu ni lumeni 1,000 hivi, kwenye fuli 1,650. LED nzuri nyeupe inatoa kama lumeni 100 mpaka 150 kwa wati moja. Zako zinakula wati ngapi? Nyingi za aina hiyo ukizipima ni wati 20 mpaka 30 kila moja. Piga hesabu mwenyewe uone 20,000 inatokea wapi.

DerevaWaUsiku:

Mimi naendesha usiku karibu kila siku, naomba niseme kwa niaba ya tunaokuja mbele yenu. Mtu anasema LED zangu hazina tatizo, ndugu yangu tatizo la taa yako haulioni wewe naliona mimi! Nikishapigwa na ile nyeupe ya bluu bluu naona giza tupu sekunde kadhaa, kama kuna mtembea kwa miguu pembeni hapo namwachia Mungu.

Halafu hata wewe mwenyewe inakudanganya. Mwanga unamwagika mwingi hapo karibu na bampa, jicho linaona kweupe linajifinya, ukitaka kuangalia mita 60 huko mbele hakuna kitu. Na ngoja mvua inyeshe uone, hiyo 6500 kwenye lami iliyolowa unatafuta barabara kwa kupapasa. Halojeni ni kama 3200 na ile njano yake ina raha yake kwenye mvua na ukungu.

Chuma_Kikuukuu:

Ni kweli zangu ni projekta, nimeenda kuangalia. Sikujua kama kuna tofauti. Ila bado nasema magari mapya yote yanakuja na LED sasa mbona hayaumizi watu?

FundiWaya:

Swali zuri. Yale yametengenezwa taa nzima kwa ajili ya LED, rifleta yake, lenzi yake, vipoza joto vyake, vyote. Lexus LS 600h ilitoka na dimu za LED tangu 2007 na hakuna mtu alichomeka balbu kwenye rifleta ya H4. Huku tunachomeka kitu kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mwingine. Projekta inasaidia kidogo kwa sababu ina kingo yake yenyewe inayokata mwanga ndani, kwa hiyo hata ukikosea huwaumizi sana watu, lakini mwanga unaweza kukaa vibaya ukawa hauoni mbali. Sio ruhusa ya kuweka chochote.

Hata Ujerumani ambako wana sheria kali za taa, walianza kuruhusu balbu za LED za kubadilishia mwaka 2020, wakaanza na za Osram, na hapo ni kwa orodha ya modeli za magari zilizopimwa moja moja. Kama gari yako haimo kwenye orodha huruhusiwi. Ukiona hivyo ujue balbu kuingia kwenye soketi haimaanishi inafaa.

binti_spana:

Naomba nijibu upande wa indiketa maana hapo watu wanahangaika sana. Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 21, inakula kama ampea 1.75 kila moja. LED inakula labda ampea 0.2. Ile flasha yako, yaani kile kidude kinachozipigisha indiketa, ikiona umeme unaopita ni kidogo inajua balbu imeungua, ndio inapiga haraka kukuambia. Haijaharibika, inafanya kazi iliyotumwa.

Una njia mbili. Ya kwanza badilisha flasha uweke ya kielektroniki ya LED, kama gari yako flasha ni ile ya kuchomoa na kuchomeka ni kazi ya dakika tano, hakikisha tu idadi ya pini na mpangilio wake ni uleule. Ya pili ni resista, kipande cha kula umeme ili flasha idhani balbu ya kawaida ipo, watu wanaweka ya omu 6 wati 50 sambamba na kila balbu. Mimi siipendi. Injini ikiwa inaunguruma hiyo resista inakula zaidi ya wati 30 na yote ni joto, niliwahi kukuta mtu kaifunga kwa tepu kwenye kapeti la buti, kapeti limeshatoboka. Ukiiweka lazima ikae kwenye bati, mbali na plastiki na waya. Na hapo faida ya LED kutumia umeme kidogo imeshakufa.

Breki: uliweka LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu eeh? Nyeupe ya LED ina mwekundu mdogo sana ndani yake, kioo kikichuja kinabakiza ka-waridi. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, nyuma ya kioo cha chungwa weka ya chungwa. Na angalia tofauti ya parking na breki, balbu ya asili ni wati 5 kwa 21, tofauti yake inaonekana hata mchana. LED nyingi za bei chee tofauti ni ndogo, anayekufuata hajui kama umeshika breki au la. Ila ukipata nzuri breki ndio sehemu LED ina maana kweli, inawaka papo hapo wakati uzi wa balbu unachelewa kama sekunde 0.2 kupata moto, kwa spidi ya 100 hizo ni zaidi ya mita 5 za mtu aliye nyuma yako.

Boksa125:

Samahani kuingilia uzi, mimi wa pikipiki. Nimeweka LED mbele inacheza cheza nikiwa sailensa (injini inaunguruma tu sijavuta mafuta), nikivuta mafuta inatulia. Ni feki?

binti_spana:

@Boksa125 pikipiki nyingi taa ya mbele inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, umeme wa kwenda na kurudi, haupiti kwenye betri. Uzi wa balbu haujali, LED inajali. Fundi akuhamishie waya wa taa uje kwenye betri, lakini aangalie kwanza kama mfumo wa kuchaji unaweza kubeba, la sivyo utakuwa unasukuma kila asubuhi.

Taa_Moja:

Asanteni sana wakuu, nimeelewa mengi. Ila sasa nirudishe halojeni niendelee kutoona? Ndio maana nilibadilisha jamani. Halafu kitu kingine nimesahau kusema, ile LED ina feni nyuma, mfuniko wa mpira wa taa ukagoma kufunga nikauacha wazi.

FundiWaya:

Huo mfuniko urudishe leo leo. Vumbi na unyevu vikiingia, rifleta inapauka na hakuna polishi ya kuirudisha. Redio kukwaruza nayo inatoka kwenye draiva za hizo LED (vile visakiti vinavyozilisha umeme), ukitoa itanyamaza.

Sasa nikuulize ambalo ulipaswa kuulizwa mwanzo, kwa nini halojeni zako zilififia? H4 nzima haifanani na kibatari. Rudisha halojeni, washa injini, washa dimu, halafu chukua mita pima volti kwenye betri, kisha pima nyuma ya plagi ya balbu ikiwa imechomekwa na INAWAKA. Usipime plagi ikiwa tupu, itakudanganya, bila mzigo waya mbovu nao unaonyesha volti nzuri tu. Lete majibu hapa.

Taa_Moja:

Nimerudi. Betri 13.9. Kwenye balbu ya kulia 11.6, ya kushoto 11.8. Hiyo ni mbaya?

FundiWaya:

Hapo ndio ugonjwa ulipo. Mwanga wa halojeni haupungui sawasawa na volti, unaporomoka. Ukipoteza asilimia 10 ya volti unapoteza kama asilimia 30 ya mwanga. Wewe umepoteza zaidi ya volti mbili, yaani unaendesha na karibu nusu ya taa. Sasa weka waya mmoja wa ile mita ya volti kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye pini ya ethi ya balbu (ile ya kurudisha umeme kwenye bodi), taa ikiwa inawaka. Inatakiwa iwe karibu na sifuri.

Taa_Moja:

1.1!! Nimefuata waya wa ethi nimekuta bolti iko nyuma ya taa imekula kutu mpaka imekuwa kama ganda la mti, nimeigusa na spana unga unadondoka. Nimesugua kwa msasa mpaka bati likang'aa, nimefunga upya nikapaka grisi. Sasa naona 12.7.

FundiWaya:

Safi. Iliyobaki imepotelea kwenye swichi na waya mwembamba. Weka rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme), ya dimu na ya fuli, waya mnene utoke kwenye betri kupitia fyuzi, swichi ibaki kuamuru rilei tu. Halafu hivyo vioo vya plastiki vimekuwa vya njano? Vipigwe msasa wa maji, 800, 1500, 2000, kisha polishi, na mwisho upake kinga ya jua, usipopaka vinarudi vilevile baada ya miezi.

Ukimaliza simamisha gari sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, washa dimu, ule mstari wa mwanga uwe chini ya usawa wa katikati ya taa kwa sentimita 10 hivi. Kwenye magari mengi kiasi cha mwanga kuinama kimeandikwa juu ya taa yenyewe, mfano 1.2%, maana yake sentimita 12 kwa mita 10.

Taa_Moja:

Mrejesho wakuu. Rilei zimefungwa, sasa kwenye balbu napata 13.4. Vioo nimesugua mwenyewe jumapili nzima mikono inauma mpaka leo. Ukutani mstari unaonekana umekatika kabisa, wakati nilivyorudisha LED moja dakika tano kulinganisha ilikuwa ni doa tu la mwanga limetapakaa mpaka dirishani. Jana nimeendesha saa nzima usiku, naona alama za pembeni mbali, na hakuna aliyenipiga fuli hata mmoja.

LED nimebakiza ya namba na ya ndani, breki nimeagiza nyekundu, flasha nimebadilisha indiketa zimetulia. Zile za mbele ziko kwenye boksi, jirani kaniomba azifunge kwenye yake nayo ni H4. Nimemwambia zimeungua.

DerevaWaUsiku:

Mwambie na feni imekufa, asije akaomba ajaribu.