Mama hutembea kila siku, lakini hujikwaa kwenye kizingiti: naomba ushauri

Mleta mada: Ndugu zangu, mama yangu ana miaka 74 na hutembea nusu saa kila asubuhi bila kuchoka. Hata hivyo, katika miezi miwili iliyopita amejikwaa mara tatu kwenye kizingiti cha mlango anachokivuka kila siku. Nimemwangalia kwa makini: mguu wa mbele hupita salama, ila wa nyuma hugusa ukingo kwa ncha ya kidole gumba, naye hushika mwimo wa mlango kwa haraka. Je, aongeze matembezi au apumzike? Nina hofu sana.

Mchangiaji wa kwanza: Usimpumzishe, ndugu yangu, kwa maana misuli isiyotumika huzidi kulegea. Lakini matembezi peke yake hayatoshi. Mtu anapotembea mahali tambarare, ncha ya mguu hupita juu ya sakafu kwa takriban sentimita 1 hadi 2 tu, ilhali kuvuka kizingiti kunataka goti lipande na mguu mmoja ubebe mwili mzima kwa muda. Mguu wa nyuma ndio huponza wengi, kwa kuwa macho hayauoni unapovuka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri wazee, pamoja na dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku 3 kwa wiki. Aanze na kuinuka kitini na kuketi polepole, kisha asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta.

Mchangiaji wa pili: Mimi huwafanyisha wazee mazoezi ya viungo. Viringisha taulo, liweke sakafuni kando ya ukuta, naye alivuke akitanguliza mguu wa kulia, kisha wa kushoto, huku wewe ukisimama ubavuni pake. Mwambie asiondoe macho kwenye taulo kabla mguu haujatua, kwa sababu wazee wengi huwahi kutazama mbele. Tena, je, anavaa miwani gani?

Mleta mada: Ana miwani ya sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, aliyopewa miezi mitatu iliyopita. Sikuwa nimeihusisha kabisa na jambo hili!

Mchangiaji wa pili: Ile sehemu ya kusomea hutia ukungu sakafu iliyo mbele ya miguu. Mwulizeni daktari wa macho kuhusu miwani ya pili, ya kuonea mbali tu, ya kutembelea. Aidha, kujikwaa mara tatu kwa muda mfupi hivyo kunahitaji daktari, naye aangalie pia dawa anazotumia, hasa za usingizi na za shinikizo la damu.

Mleta mada: Nashukuru sana. Jioni hii amevuka taulo mara kumi: akitanguliza mguu wa kulia hakuligusa, akitanguliza wa kushoto aliligusa mara mbili. Kesho tunakwenda kwa daktari.