Ushauri wa haraka: nimeitwa na wazee wa kanisa kisa ulimwengu zaidi ya mmoja

Mwalimu_Kimara: Habari zenu wakuu, poleni na foleni. Mimi nafundisha kipaimara usharika mmoja huku njia ya Morogoro. Jumamosi kijana kanyoosha mkono, eti mwalimu wanasayansi wanasema huenda kuna ulimwengu mwingine kibao, sasa Mungu wetu ni wa huu tu au na huko? Nikamjibu Mungu hapungukiwi, aumbe mmoja aumbe elfu hakuna wa kumuuliza, na hao wanasayansi wenyewe hawajauona huo mwingine, ni hesabu tu ndo zinawapeleka huko. Kuna mtoto karekodi, klipu ikaingia grupu la wazazi, Alhamisi nasimama mbele ya wazee. Niwaeleze vipi jamani maana silali.

MamaLishe_Buguruni: Pole mwanangu. Nenda umenyoosha shati na usibishane na wazee. Marehemu mume wangu alibishana na mzee mmoja habari za mchango wa bati, mpaka leo ile familia tukikutana sokoni wanageuza shingo, na bati zenyewe zilishaoza.

Abuu_Temeke: Sisi Waislamu hilo halitunyimi usingizi. Surat At-Talaq aya ya 12 inataja mbingu saba na ardhi mfano wake. Imam Fakhruddin Razi zaidi ya miaka 800 iliyopita alishasema Allah anaweza kuumba elfu elfu za ulimwengu nje ya huu. Karibu kwetu sheikh.

Fundi_Kkoo: Kwa hiyo huko kwingine yule wa Sinza nilimuoa? Nipeni nauli.

Kobe_Mzee: Mkuu, mtu haitwi barazani kwa maneno hayo. Klipu ina nini kingine? Funguka.

Mwalimu_Kimara: Sawa. Kijana aliendelea, kama huko kuna watu wenye dhambi Yesu aliwafia na wao? Nikasema Biblia haijatuambia, ila sioni Mungu huyu ninayemjua akiwaacha. Hapo ndo wameshika. Halafu mwenyekiti wa hao wazee ni baba mzazi wa mchumba wangu, posa ilishapokelewa, mahari nimetoa nusu. Barua ya kujiuzulu ufundishaji nimeshaiandika. Msiniambie nikaombe radhi, sijakufuru, na siwezi kumdanganya mtoto anayeuliza kwa moyo wake wote.

Neema_Ubungo: Kumbe! Kaka yangu, swali lako ni la ndoa unalificha nyuma ya nyota. Binti mwenyewe umeshaongea naye?

Mlokole_Tabata: Soma Waebrania 9 mstari wa 26 mpaka 28, Kristo alitolewa MARA MOJA. Basi. Haya mambo ya sayansi ndo yanamaliza vijana wetu.

Kobe_Mzee: Mara moja ndiyo, ila hapo hamna mstari unaomzuia Mungu kuumba. Mwalimu nisikilize, mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alilaani hoja 219 za wasomi, na mojawapo ilikuwa ile ya kusema Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Yaani aliyekatazwa ni anayemwekea Mungu mipaka! Chapa hiyo uwapelekee. Giordano Bruno, yule mtawa aliyefundisha kuwa kuna dunia zisizo na idadi, akachomwa Roma mwaka 1600, usimguse, kesi yake ilikuwa na mashtaka mengi mpaka ya kukana Utatu, watakumaliza nayo.

Fizikia_Mbezi: Na ujue wazee wanaogopa nini hasa. Wapo wanaosema ulimwengu ukiwa mwingi kupita kiasi, mmoja ungetokea tu umekaa sawa kwa uhai bila wa kuupanga, Mungu wa nini tena. Hapo ndo pa kujibu. Don Page ni mwanafizikia na mlokole kabisa, anaona Mungu anaweza kuwa ndiye aliyeziumba zote hizo. Pia mtenganishie kijana, matawi ya mwanafizikia Everett ya mwaka 1957 (ulimwengu unagawanyika kila kipimo cha chembe ndogo kinapokuwa na majibu zaidi ya moja) siyo mapovu ya kina Linde, nao wanafizikia, ya miaka ya 80 (anga linatanuka kwa kasi na kuzaa ulimwengu mmoja mmoja kama povu), watu wanachanganya.

Mpekuzi_Chanika: Hii chai wakuu. ID hii hii mwezi uliopita ilikuwa inauza Noah, ikasema ina mke na watoto wawili ada zimebana. Leo ana mchumba?

Fundi_Kkoo: Mke yuko ulimwengu mwingine 😂

Neema_Ubungo: Eeh, mwalimu jibu hilo. Dada wa watu anajua?

Mlokole_Tabata: Nilijua tu.

Mwalimu_Kimara: Noah ni ya kaka yangu, aliomba akaunti, mke na watoto ni wake. Asiyeamini aache. Nimempigia mchumba sasa hivi, anasema baba yake hajasikia klipu nzima, kasikia kile kipande cha mwisho tu. Kwa hiyo nitaomba waisikilize yote pale pale kabla sijafungua mdomo. Ya Paris naenda kuchapa stesheneri hapa Kimara Mwisho asubuhi. Barua ya kujiuzulu naenda nayo mfukoni.

Abuu_Temeke: Hiyo Noah ilishauzwa?