Tupeane uzoefu: michezo ya kusoma na kuhesabu ya kutengeneza nyumbani

Chekechea_Nyumbani

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni wa wale wanaofundisha watoto nyumbani, wa miaka 4 hadi 8 hivi. Anayechangia atupe vipimo: unatumia nini, unakata kiasi gani, na hasa mchezo unaharibikia wapi. Ukimwambia mzazi "chukua boksi utengeneze kadi" hujamsaidia, maana kadi za namna hiyo hupinda kesho yake na mtoto hazigusi tena.

Naanza na vizibo vya soda. Ndani kizibo kina upana wa milimita 26 hivi, kwa hiyo duara la karatasi la milimita 25 linakaa vizuri. Andika silabi, usiandike herufi moja moja. Mtoto akipewa b, a, t, a atataja majina ya herufi na neno litampotea. Akipewa ba na ta anasikia bata palepale.

Chagua konsonanti 5 za kuanzia: m, b, k, t, l. Kila moja ukiipa irabu zake 5 unapata silabi 25. Tengeneza kila silabi mara mbili, jumla vizibo 50. Bila jozi huwezi kuandika mama, baba, kuku wala lala. Ongeza irabu peke yake, kizibo kimoja kwa kila irabu, ili taa na koo ziandikike, kisha vizibo 3 vya m pekee kwa ajili ya mti, mto, mkate, mlima.

Penye tatizo ni gundi. Ndani ya kizibo kuna utando wa plastiki, na uji wa unga haushiki plastiki. Karatasi inadondoka ikishakauka tu. Kwaruza plastiki kwa msasa, weka tone moja la gundi ya viatu, ufanye kazi hiyo nje penye hewa na mtoto akiwa mbali. Kizibo chenye kutu au meno yaliyokunjuka na kuwa makali, tupa.

Mwl_Awali

Asante kwa kugusa m pekee, maana hapo ndipo seti nyingi za kununua zinapokosea. Niongeze jambo moja. Katika mbu, mbwa, nge na nchi, ile m au n inasimama kama silabi: m-bu, m-bwa, n-ge, n-chi. Katika mbuzi na ndizi haisimami: mbu-zi, ndi-zi. Ukimwandalia mtoto kizibo cha "mbu" atakitumia kwenye mbuzi na kumbuka, lakini neno mbu lenyewe anatakiwa aliunde kwa m na bu. Mpigishe makofi kabla ya kuandika: kofi moja, silabi moja. Mbu makofi mawili, mbuzi makofi mawili. Makofi yasipolingana na vizibo, yeye mwenyewe ataona kuna kitu kimekosewa kabla hujasema.

Namna ya kucheza: vizibo vyote mfukoni, kila mchezaji anachota 7. Kwa zamu, unaunda neno, unalisoma kwa sauti, unapata pointi moja kwa kila silabi, unachota vingine kujazia. Usipoweza, rudisha vizibo viwili uchote vingine viwili.

Watoto watatunga maneno yasiyokuwepo, kama "bolu" au "kemita". Msiyakataze. Yasomwe, ila yasipewe pointi. Mtoto anayesoma "kemita" bila kusita anasoma kweli. Anayesoma "mama" pengine amekariri umbo lake tu.

FundiMaboksi

Kuhusu kadi kupinda: karatasi hujikunyata gundi inapokauka. Ukibandika upande mmoja wa boksi, upande huo unavuta na kadi inakuwa kama kigae. Dawa ni kubandika karatasi ya aina ileile pande zote mbili, kisha kulaza chini ya vitabu vizito hadi kesho yake. Na bandika boksi likiwa zima, ukate baadaye.

Gundi: vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano, koroga na robo kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka, koroga dakika 2 au 3 mpaka ing'ae, ipue. Tia kijiko cha chai cha chumvi ili isiote ukungu upesi. Paka nyembamba, ikiwa nzito inalowesha boksi, na kadi ambazo hazikukauka vizuri huliwa na mende.

Kwa boksi hilo tengeneza dhumna, wengine huita domino. Boksi la ukubwa wa karatasi ya A4 linatosha seti nzima: vipande 28 vya sentimita 3 kwa 6. Upande wa sentimita 21 unatoa vipande 7, upande wa pili unatoa safu 4, na kiukanda kinabaki. Kila namba kuanzia 0 hadi 6 inatokea mara 8. Mara 4 iandike kwa nukta, mara 4 kwa tarakimu. Vile vipande vya pacha, kama 5 na 5, upande mmoja uwe nukta na wa pili tarakimu. Hapo mtoto hawezi kulinganisha picha tu, lazima ahesabu.

Tumia maka peni isiyofutika, na mgongo wa vipande vyote uwe wa rangi moja bila maandishi, la sivyo siku ya tatu watoto wanavitambua kwa mgongo.

Mama_Pwani

Mwalimu, na kutoa kwa kukopa? Mtoto akikutana na 42 toa 17 anaandika 35, kila siku.

Mwl_Awali

Dada, anatoa 2 kwenye 7 kwa sababu ndivyo inavyowezekana machoni pake. Mpe chelewa. Fagio moja la chelewa linatoa vijiti vya kutosha: kata 100 vya sentimita 10, ncha zisugue kwenye sakafu ya saruji zisichome. Funga kumi kumi kwa vipete vilivyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, upana milimita 3, uzungushe mara mbili. Raba bendi za dukani hukatika kwa joto.

Chora safu mbili kwenye boksi, makumi kushoto na mamoja kulia. Weka vifurushi 4 na vijiti 2. Mwambie atoe vijiti 7. Havitoshi, anafungua kifurushi kimoja, mamoja yanakuwa 12, anatoa 7 yanabaki 5. Kisha anatoa kifurushi 1 kwenye 3. Jibu 25. Kule kufungua kifurushi kwa mikono yake ndiko kukopa kwenyewe, kwa hiyo usimfungulie.

Usitumie harage moja jekundu kuwa kumi. Mtoto mdogo haoni kumi ndani ya harage.

Kete64

Trei ya mayai ya 30 ina safu 5 za mashimo 6. Kata safu 2, una bao dogo la mashimo 12. Weka kete 4 kila shimo, jumla 48. Komwe ndizo bora, hazivunjiki wala kuota ukungu. Chagua trei isiyo na uchafu wa kuku, maana haiwezi kuoshwa. Penye mtoto chini ya miaka 3, kete na vizibo vyote viwe juu kabisa. Maharage huingia puani na kuvimba.

Chekechea_Nyumbani

Nimeipata, Kete64. Kwa kuhifadhi: kila mchezo uwe na kopo lake, na juu ya kopo andika idadi ya vipande, 58 kwa vizibo, 28 kwa dhumna. Kabla ya kufunga mtoto anahesabu, vizibo kwa mafungu ya kumi. Kikipungua kimoja kinatafutwa usiku huohuo, kabla hakijafagiliwa.