Kompaila inaganda mstari wa mwisho nikiweka -flto=auto

mizani_majengo: Wakuu, habari za usiku. Niko Moshi, Majengo. Naandika kwa C++ programu ya kusoma uzito kwenye mizani ya kahawa, kazi ya chama cha msingi kimoja huko juu mlimani. Faili kama mia mbili, nyingi za maktaba ya skrini niliyoipakua. Siku zote `make`, amri ya kujenga programu, ilimaliza kwa dakika sita. Juzi nikaona mtu anaisifia `-flto=auto`, swichi ya kompaila ya kuboresha programu, nami nikaibandika kwenye Makefile, faili la maelekezo ya `make`. Tangu hapo faili zinapita zote, ikifika kuziunganisha ziwe programu moja, kimya. Mshale wa kipanya hausogei, taa ya diski inawaka bila kupepesa. Jana niliiacha nikaenda kunywa chai na chapati mbili, nikarudi nikaikuta palepale. Nikaizima kwa kubana kitufe. RAM GB 4, kompaila (ile inayogeuza msimbo kuwa programu) ni GCC 13. Kosa la kompaila au langu?

fundi_sakina: Haijaganda mkuu, inahaha. Fungua `top`, inayoorodhesha kazi zinazoendelea, kwenye teminali ya pili kabla hujaanza, uangalie safu ya S, yaani hali ya kila kazi. Majina yanayoanza na `lto1`, ndiyo kompaila yenyewe wakati wa kuunganisha, yakiwa na herufi D, yanasubiri diski.

mizani_majengo: Manne, yote D! Swopu, ile sehemu ya diski inayosaidia RAM, imejaa mpaka juu.

fundi_sakina: Ndiyo hiyo. Kwa kawaida kompaila inamaliza faili moja, inaisahau, inashika nyingine. Kwa `-flto`, faili za `.o` inazozitoa hazibebi msimbo wa mashine bali programu ikiwa bado nusu mbichi, na kuiboresha kunasogezwa hadi wakati wa kuunganisha, mafaili yote yakiangaliwa kwa pamoja. Hiyo `auto` nayo inafungua kazi sambamba kulingana na nyuzi za prosesa, yaani kazi ngapi inaweza kushika kwa wakati mmoja. GB 4 zako zimekuwa kifodi, ile daladala ndogo ya Arusha, cha Ngaramtoni saa kumi na mbili jioni: kimejaa. Weka `-flto=1`, ifanye kazi moja moja, au itoe kabisa kwa `-fno-lto`.

mizani_majengo: Nimeweka `-fno-lto`, sasa inadai haioni `main`, pale programu inapoanzia. Jamani, `main` naitazama hapa, mstari wa 41!

mama_kodi: Mwanangu, umefanya `make clean`? Hizo `.o` ni za jana, hazina msimbo wa mashine ndani, sasa `main` itaonekana wapi? Zifute, ujenge upya.

mizani_majengo: Shikamoo mama. Imepita, dakika sita na sekunde chache, feni imenyamaza. Baadaye nikajaribu na `-flto=1`: dakika kumi na tisa, ila imefika. Programu imetoka ndogo kidogo. Mizani yenyewe inatuma uzito mara moja kwa sekunde, sijui nilikuwa nakimbilia wapi.

mama_kodi: Marahaba. Na chapati mbili usiku huo?